Johannes Rebmann wa Rabai

Twamkumbuka Johannes Rebmann, Mjerumani aliyefika Rabai mwaka 1846. Mwaka 1848 aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika habari zake. Baadhi ya wenye elimu wa Ulaya hawakumsadiki. Wala hakuiacha kazi yake. Alifundisha, akakusanya maneno ya Kinyanja hata yakawa kamusi, nayo ikapigwa chapa mwaka 1877, naye amekwisha kufa. Mkewe alikufa mwaka 1866. Macho yake yakaingia giza. Na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Akakaa vivyo hivyo hata mwaka 1875, akarudi kwao kipofu, akafa mwaka uliofuata. Mavuno hakuyaona, tumeyavuna sisi. Basi, mwalimu mwenye wanafunzi watatu, usiifunge shule yako.