Philip Henry Gosse

Philip Henry Gosse (6 Aprili 1810 – 23 Agosti 1888) alikuwa mtaalamu wa viumbehai, mchoraji na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kueneza maarifa ya kutunza wanyama na mimea ya baharini nyumbani ndani ya matangi ya kioo. Ndiye aliyelifanya neno aquarium lizoeleke kwa maana ya tangi hilo. Katika Kilatini cha kale lilimaanisha mahali pa kunyweshea mifugo. Vitabu vyake viliwavutia watu wengi kuijua bahari, lakini pia vilichangia kuharibika kwa fukwe zilezile alizozipenda.

Maisha ya awali

Gosse alizaliwa mjini Worcester. Baba yake, Thomas Gosse, alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, naye alisafiri kutoka mji hadi mji akitafuta wateja. Familia haikuwa na uwezo mkubwa. Philip alikulia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Huko shangazi yake alimwonyesha viumbe wa pwani na kumshauri awaweke anemoni-bahari katika chombo chenye maji ya bahari ili awatazame. Anemoni-bahari ni wanyama laini wanaofanana na maua na ambao ni jamaa wa matumbawe.

Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule na kuajiriwa kuwa karani katika ofisi ya wafanyabiashara. Mwaka 1827 alipelekwa Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, akafanya kazi hiyohiyo katika mji mdogo wa Carbonear. Mwaka 1832 alinunua kitabu kuhusu hadubini, na tangu hapo akaanza kuchunguza wadudu kwa bidii. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Elimu yake ya viumbe aliipata kwa kusoma mwenyewe, kutazama na kuchora.

Safari zake

Mwaka 1835 alihamia Compton katika jimbo la Quebec kufanya kilimo. Baada ya miaka mitatu shamba halikumletea faida, akaliacha. Mwaka 1838 alikwenda Alabama, Marekani, akawa mwalimu wa watoto wa wenye mashamba ya pamba. Alivutiwa na vipepeo na maua ya huko, lakini alichukizwa na utumwa na adhabu za viboko walizopewa watumwa. Hakumaliza hata mwaka mmoja, akaondoka. Alirudi Uingereza mwaka 1839 akiwa hana mali, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake The Canadian Naturalist.

Kuanzia mwaka 1844 hadi 1846 alikaa kisiwani Jamaika akikusanya ndege, wadudu na mimea. Kijana Mjamaika mweusi, Samuel Campbell, alikuwa msaidizi wake, naye Gosse alikiri ustadi wake katika kazi hiyo. Alisaidiwa pia na Richard Hill, hakimu wa Jamaika aliyewajua vizuri ndege wa kisiwa hicho. Matokeo ya safari hiyo yalikuwa kitabu kuhusu ndege wa Jamaika, kilichotolewa mwaka 1847.

Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vijitabu vya dini. Wote wawili walikuwa waumini wa kundi la Kikristo la Brethren lililofuata Biblia neno kwa neno. Mtoto wao wa pekee, Edmund, alizaliwa mwaka 1849.

Tangi la maji ya bahari

Mwaka 1852 Gosse alikuwa amechoka kwa kazi nyingi na afya yake ilikuwa dhaifu. Alihamia pwani ya Devon na familia yake ili apumzike. Huko alishinda ufukweni wakati wa maji kupwa, akitafuta viumbe katika vidimbwi vya miambani kwa nyundo na patasi. Karibu na Ilfracombe aligundua tumbawe dogo la rangi ya njano na machungwa, akaliita Balanophyllia regia.

Tatizo lilikuwa namna ya kuwaweka hai wanyama hao. Katika chombo cha kawaida, wanyama humaliza oksijeni iliyomo majini, uchafu wao huongezeka na maji huoza. Gosse hakuwa wa kwanza kutafuta ufumbuzi. Jeanne Villepreux-Power alikuwa amekwisha kutumia matangi ya kioo huko Sisilia katika miaka ya 1830, na Anna Thynne alitunza matumbawe nyumbani kwake London kuanzia mwaka 1846. Mwanakemia Robert Warington alieleza mwaka 1850 jinsi samaki, konokono na mimea wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja.

Gosse alitumia kanuni hiyo kwa maji ya bahari. Aliweka mwani ulioshikamana na vipande vya mawe, kwa sababu mwani ukipata mwanga hutoa oksijeni wanayohitaji wanyama. Aliweka pia konokono ili wale mwani mdogo unaofunika kioo. Tangi lilihitaji mwanga wa kutosha, lakini maji hayakutakiwa kupata joto kali. Mnyama aliyekufa ilibidi aondolewe mara moja, kwani mzoga mmoja uliweza kuharibu maji yote.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi kwa ajili ya umma. Gosse alikuwa mmoja wa waliokusanya viumbe wa kuwekwa humo. Mwaka 1854 alitoa kitabu The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe, kikapendwa sana.

Mwaka huohuo alieleza jinsi ya kutengeneza maji ya bahari kwa watu wanaoishi mbali na pwani. Katika kila lita 4.5 hivi za maji yasiyo na chumvi alitia karibu gramu 100 za chumvi ya kawaida, pamoja na viwango vidogo vya salfati ya magnesiamu, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Kwanza aliweka mwani peke yake, na baada ya siku kadhaa ndipo akaingiza wanyama. Wanaofuga matumbawe nyumbani leo bado hutumia chumvi zilizochanganywa, ila huongeza kalsiamu ambayo matumbawe huitumia kujengea mifupa yao. Vilevile bado huliacha tangi likomae kabla ya kuingiza viumbe.

Kifo cha mke na kitabu Omphalos

Mwaka 1856 Gosse alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wenye heshima kubwa Uingereza. Lakini Februari 1857 mke wake alifariki kwa saratani ya matiti. Baadaye mwaka huo alihamia St Marychurch, Devon, akiwa na Edmund mwenye umri wa miaka minane.

Mwaka huohuo alitoa kitabu Omphalos, neno la Kigiriki lenye maana ya kitovu. Alijaribu kupatanisha jiolojia na Biblia kwa kusema kwamba Mungu aliiumba dunia ikiwa tayari na alama za umri, kama vile mabaki ya kale ndani ya miamba. Kitabu kilikataliwa na wanasayansi na pia na waumini wengi, ambao walihofu kwamba kinamfanya Mungu aonekane mdanganyifu. Pigo hilo lilimuumiza sana.

Hata hivyo aliendelea na kazi. Kitabu chake kikubwa kuhusu anemoni-bahari na matumbawe ya Uingereza kilikamilika mwaka 1860. Mwaka huo alimwoa Eliza Brightwen.

Uharibifu wa fukwe

Wakati huo reli zilikuwa zimerahisisha safari za pwani, na kodi ya kioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845. Kutokana na vitabu vya Gosse, watu walimiminika ufukweni wakiwa na ndoo na patasi. Wengi hawakujua kutunza matangi. Viumbe walikufa na wenyewe walirudi kuchukua wengine. Vidimbwi vilivyojaa uhai kwa karne nyingi vikabaki vitupu. Katika kitabu chake Father and Son cha mwaka 1907, Edmund alieleza kwamba baba yake alikuja kutambua jinsi vitabu vyake vilivyochangia maafa hayo, na kwamba jambo hilo lilimhuzunisha.

Miaka ya mwisho

Katika uzee wake Gosse alifuga okidi na kuchunguza rotifa, wanyama wadogo sana wa majini wanaoonekana kwa hadubini. Pamoja na C. T. Hudson alitoa kitabu kikubwa kuhusu wanyama hao mwaka 1886. Alifariki nyumbani kwake St Marychurch akiwa na umri wa miaka 78.