Mke Aliyefungua Ghala

Mke anapochaguliwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo au mweka hazina wa kikundi cha akina mama, mara nyingi kelele za kwanza hazitoki kwa majirani. Hutoka nyumbani. Mume huuliza chakula kitapikwa na nani. Shemeji huuliza mwenye boma ni nani. Basi mke, kwa kutafuta amani, huacha kazi hiyo kabla ya mwaka kwisha. Au huendelea nayo huku ndoa ikipoa kama uji wa jana. Leo tutazame nyumba moja ya zamani ambamo mambo yalikwenda vingine.

Mtakatifu Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea wa Pili wa Hungaria. Alipokuwa na miaka minne alipelekwa Thuringia, katika nchi ya Ujerumani, akalelewe na jamaa ambayo angeolewa humo. Akiwa bado mtoto ugenini, mwaka 1213, mama yake aliuawa huko nyumbani. Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia. Bibi harusi alikuwa na miaka 14 tu. Huo ulikuwa mtindo wa zama zile, nasi hatuusifu. Binti zetu wasome kwanza, na sheria ya Kenya inataka wafikishe miaka 18. Tunachosifu ni jinsi wawili hao walivyoishi baada ya kuunganishwa.

Walipendana kweli kweli. Elizabeti alikuwa na desturi ya kuamka usiku kusali, naye alimwagiza mtumishi wake amvute mguu ili aamke. Usiku mmoja yule mtumishi alikosea gizani akauvuta mguu wa Ludwig! Bwana aliamka, akatambua kilichotokea, akanyamaza bila kukasirika. Sala ya mkewe hakuiona kuwa mpinzani wake kitandani.

Mezani nako palikuwa na jambo. Katika nyumba za wakuu, vyakula vingine vilitokana na mali waliyonyang'anywa maskini. Kwa shauri la padre muungamishi wake, Elizabeti alikataa kula chochote ambacho hakikupatikana kwa haki. Aliuliza kila chakula kimetoka wapi, na mara nyingine aliondoka na njaa katikati ya karamu. Watu wa ikulu walimcheka na kunung'unika. Ludwig hakumzuia. Je, sisi tunaulizana pesa za nyumba yetu zimetoka wapi, au tunashukuru tu kwamba zimefika?

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1226. Ludwig alikuwa amesafiri kwenda Italia kwa Kaisari Frederick wa Pili, na huku nyuma njaa kali ikaingia nchini. Watu walikula mizizi. Mama huyu wa miaka 19 hakungoja mume arudi ndipo atoe amri. Alifungua maghala ya nafaka na kuwagawia wenye njaa kila siku. Yasemekana walifika 900 kwa siku. Chini ya mlima wa ngome yao ya Wartburg alianzisha nyumba ya wagonjwa yenye vitanda 28, naye mwenyewe akateremka kuwaosha na kuwalisha. Fedha zilipopungua, aliuza mapambo yake.

Angalieni pia akili ya kiongozi huyu. Msimu wa mavuno ulipokaribia, wale wenye nguvu hakuwaacha wakae wakingojea mkate. Aliwapa mundu wa kuvunia, shati, na viatu ili mabua yasiwachome miguu, wakaenda kujipatia riziki kwa jasho lao. Huruma yake ilimtazama maskini kama mtu mwenye mikono na heshima.

Ludwig aliporudi, maofisa wake walimkimbilia na mashtaka: mkeo amemaliza ghala! Hapo ndoa nyingi zingepasuka. Lakini yeye hakumwita mkewe barazani kumfokea mbele ya watumishi. Aliwajibu kwamba aachwe awatendee maskini mema kwa ajili ya Mungu, maadamu ngome zao bado zipo. Kwa neno hilo alifunga midomo ya wasengenyaji, na kazi ya mkewe ikawa kazi ya nyumba yao wote wawili.

Furaha yao haikudumu. Ludwig aliondoka kwenda vita vya msalaba, akafa kwa homa huko Otranto, Italia, Septemba 1227. Siku chache baadaye Elizabeti alijifungua mtoto wao wa tatu, Gertrud. Mamlaka yakashikwa na shemeji yake, na majira ya baridi hayakwisha kabla mjane huyo hajaondoka Wartburg. Wajane wengi wa kwetu wanaijua njia hiyo. Jamaa yake mmoja, askofu, alitaka aolewe tena, akakataa. Alipopata fedha za haki yake ya ujane, sehemu kubwa aliwagawia maskini, na mwaka 1228 akajenga hospitali mjini Marburg akiiweka chini ya jina la Mtakatifu Fransisko. Muungamishi wake alimtendea kwa ukali mno, hata kwa kipigo, jambo ambalo hakuna wa kuliiga. Elizabeti alihudumia wagonjwa hadi kifo chake Novemba 1231, akiwa na miaka 24. Papa Gregori wa Tisa alimtangaza mtakatifu mwaka 1235. Sikukuu yake ni tarehe 17 Novemba.

Wapenzi wasomaji, Elizabeti hakutafuta cheo. Aliona njaa, akaona ghala, akajua mbele ya Mungu kwamba viwili hivyo havikai pamoja. Hiyo ndiyo shabaha ya uongozi wake. Naye Ludwig hakupungukiwa uanaume kwa kumuunga mkono. Thuringia hata leo humkumbuka kwa heshima.

Jioni moja wiki hii, watoto wakisha kulala, kaeni pamoja mjibu maswali haya. Baba, mkeo ana kipaji gani ambacho umekifungia ghalani? Watu wanapomsema, wewe hujibu nini? Mama, kazi unayoifanya kanisani au kijijini, je, unamshirikisha mumeo, au huisikia kwa wengine? Kisha shikaneni mikono, salini pamoja, na mmoja wenu akisinzia, mwenzake asikasirike.