Evangelista Torricelli: Aliyeonyesha kuwa hewa inasukuma

Katika mbio ndefu za pikipiki, kama zile za saa 8 za Suzuka nchini Japani au Bol d'Or nchini Ufaransa, kila pikipiki huingia kujaza mafuta mara kadhaa. Hapo hakuna pampu ya kusukuma petroli. Tangi huwekwa juu, mpira hushushwa, na uzito wa mafuta yenyewe hufanya kazi. Lita 24 hivi huingia kwa sekunde chache tu.

Mafundi wa mbio hizo wanajua kuwa ugumu haupo katika kuingiza petroli, bali katika kuitoa hewa. Aliyetuwezesha kuelewa sababu yake ni Mwitaliano aliyefariki zaidi ya miaka 370 iliyopita.

Kijana wa Faenza

Evangelista Torricelli alizaliwa Oktoba 15, 1608, katika familia isiyo na mali yenye asili ya mji wa Faenza. Alisomeshwa na mtawa wa ukoo wao, kisha akapelekwa Roma kwa Benedetto Castelli, mtaalamu wa maji yatiririkayo na mwanafunzi wa zamani wa Galileo. Torricelli akawa karani wake.

Oktoba 1641 alikwenda Arcetri, karibu na Florence, kumsaidia Galileo. Mzee huyo alikuwa kipofu na bado anatumikia kifungo cha nyumbani alichohukumiwa na Kanisa mwaka 1633. Walikaa pamoja miezi mitatu tu, kwani Galileo alifariki Januari 8, 1642. Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Pili, akamteua Torricelli kuwa mwanahisabati wake.

Kanuni ya maji na tundu

Mwaka 1644 alichapisha kitabu chake cha jiometri, na ndani yake akaeleza jinsi maji yanavyotoka kwenye tundu la chombo. Kasi yake ni ile ambayo tone lingepata kama lingeanguka kutoka usawa wa maji hadi kwenye tundu. Kimo cha mita 1 hutoa kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde. Ukitaka kasi mara mbili, lazima uinue maji mara nne. Ndiyo maana kuinua tangi peke yake hakutoshi.

Tena, hesabu hiyo husimama pale tu hewa inapokandamiza kwa nguvu sawa juu ya maji na kwenye tundu.

Zebaki kwenye mrija

Wachimba visima walishajua kuwa pampu ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi. Torricelli alifikiri kuwa si pampu inayovuta, bali hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Rafiki yake Vincenzo Viviani alijaza mrija wa kioo zebaki, akaugeuza ndani ya bakuli. Zebaki ilishuka, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki ombwe.

Wakati huo wasomi wengi walishikilia kuwa ombwe haliwezekani. Torricelli hakulichapisha jaribio hilo. Alilieleza kwa barua alizomwandikia Michelangelo Ricci wa Roma, Juni 1644.

Alifariki Florence Oktoba 25, 1647, akiwa na miaka 39. Mwaka uliofuata, nchini Ufaransa, shemeji wa Blaise Pascal alipanda na mrija wa zebaki mlima Puy de Dôme, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Torricelli alikuwa sahihi, lakini hakuwahi kuona ushahidi huo.

Kurudi kwenye pikipiki

Hewa inayoweza kushikilia maji ya mita 10 haishindwi kushikilia petroli ya mita 2. Tangi la juu likikosa tundu la hewa, mafuta hugugumia kama dumu la mafuta ya kula linapomiminwa, au husimama kabisa. Na hewa iliyomo kwenye tangi la pikipiki isipopata pa kutokea, hubanwa na kusukuma petroli irudi.

Kwa hiyo mifumo mingi ina njia mbili: petroli inashuka kwa moja, hewa inapanda kwa nyingine kurudi tangi la juu na kujaza nafasi iliyoachwa. Hivyo pia mvuke wa petroli hausambai karibu na eksozi ya moto, na hatari ya moto kuwaka inapungua.

Dereva wa bodaboda naye ana kanuni hiyo chini ya mkono wake. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la hewa. Likizibwa na vumbi au tope, pikipiki yenye kabureta hutembea kidogo kisha huzima, ilhali mafuta yamo. Ukifungua kifuniko ukasikia hewa ikiingia, halafu ikawaka, safisha tundu hilo kabla ya kununua kabureta mpya.