Henry Ford: Mwana wa mkulima aliyeisambazia dunia gari la Model T

USIKU wa Aprili 7, 1947, mafuriko ya Mto Rouge yalikuwa yamekatiza umeme katika jumba la Fair Lane mjini Dearborn, jimbo la Michigan nchini Marekani. Mwenye jumba hilo, ambaye ujanani alikuwa mhandisi wa kampuni ya umeme, alikata roho kwa mwangaza wa mishumaa na taa za mafuta, mfano wa ule uliomlaki alipozaliwa miaka 83 awali. Huyo alikuwa Henry Ford, mtu ambaye gari lake la Model T lilikuwa limefika karibu kila pembe ya ulimwengu.

Ford alizaliwa Julai 30, 1863 katika shamba la wazazi wake nje ya jiji la Detroit. Babake, William, alikuwa mhamiaji aliyetoka eneo la Cork nchini Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840. Mzee huyo alitarajia mwanawe arithi jembe, lakini kijana hakuipenda kazi ya shamba. Alipenda kufungua saa na kuziunganisha upya. Mnamo 1879, akiwa na umri wa miaka 16, alielekea Detroit kujifunza ufundi wa mitambo.

Mwaka 1891 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison jijini humo, na mnamo Juni 1896 akakamilisha gari lake la kwanza, lililotumia magurudumu yanayofanana na ya baiskeli. Hata hivyo, njia ya ufanisi haikuwa laini. Kampuni ya kwanza aliyoshiriki kuiunda mnamo 1899 ilivunjwa 1901. Ya pili aliihama 1902 baada ya kuzozana na wenye mtaji. Hiyo ndiyo iliyozaa magari ya Cadillac. Ni ile ya tatu, Ford Motor Company, iliyosajiliwa Juni 1903, ambayo ilisimama imara.

Gari la Model T lilizinduliwa Oktoba 1908. Lilikuwa na injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 20, na vyuma vyepesi lakini vigumu kuvunjika. Kwa kuwa liliinuka juu ya ardhi, liliweza kupita kwenye matope, mawe na mashimo ambako magari ya matajiri yalikwama. Aidha, mkulima mwenye spana na nyundo aliweza kulikarabati mwenyewe.

Mnamo 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford na wahandisi wake walianza kulisogeza gari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kulifuata gari. Muda wa kuunganisha fremu moja na mitambo yake ulipungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban dakika 93. Mwaka uliofuata alitangaza ujira wa dola tano kwa siku ya saa nane, kiasi kilichokuwa karibu maradufu ya mshahara wa kawaida kiwandani humo. Bei nayo ilizidi kuteremka: gari la abiria watano lililouzwa kwa dola 850 mwaka 1908 lilipatikana kwa dola 290 kufikia 1925.

Lakini soko la nyumbani lilikuwa nusu tu ya hadithi. Mnamo 1904, kampuni ya Ford ya Canada ilikuwa imeanzishwa Walkerville, Ontario, ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit. Sababu ilikuwa ushuru wa forodha. Bidhaa zilizotengenezwa Canada zilipata nafuu katika mataifa yaliyotawaliwa na Uingereza, ilhali zile za Marekani zilitozwa zaidi. Kwa mujibu wa mkataba, kampuni hiyo ilipewa haki ya kuuza magari katika himaya yote ya Uingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe na Ireland. Ndiyo maana Australia, New Zealand, India, Afrika Kusini na makoloni ya Afrika Mashariki yaliangukia mikononi mwa Canada, wala si Detroit.

Uingereza ilihudumiwa na kiwanda cha Manchester kilichofunguliwa 1911. Magari yalisafirishwa yakiwa vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao ili kuokoa nafasi melini, kisha yakaunganishwa yalikofika. Mtindo huo ulienea upesi. Copenhagen na Sao Paulo zilipata shughuli za Ford mwaka 1919, na Cadiz nchini Uhispania 1920. Antwerp ilifuata 1922, Port Elizabeth 1924, Yokohama na Geelong 1925, kisha Berlin 1926. Huko Cork, alikotoka babake, Ford alijenga kiwanda cha matrekta.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimweka Ford katika kinaya kikubwa. Mnamo Desemba 1915 alikodi meli kupeleka ujumbe wa amani Ulaya, safari ambayo haikuzaa matunda. Wakati uo huo, magari yake yalikuwa yakibeba majeruhi na wanajeshi vitani. Hata katika mapigano ya Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani, Waingereza walitumia magari mepesi ya Ford huku ng'ombe na farasi wakiangamizwa na mbung'o. Hata hivyo, gari halikuwaondolea Waafrika mzigo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliosukumwa kuingia kikosi cha uchukuzi walifia njiani kwa maradhi na njaa, na jina la mtaa wa Kariakor jijini Nairobi lingali linawakumbusha watu masaibu yao.

Kuna shehena nyingine ambayo Ford aliisambaza, nayo haikuwa na heri. Kuanzia 1920, gazeti lake la Dearborn Independent lilichapisha makala mfululizo ya kuwachafulia jina Wayahudi. Makala hayo yalikusanywa yakawa vitabu, yakatafsiriwa kwa lugha kadhaa kikiwemo Kijerumani, na kupokewa kwa shangwe na Wanazi. Mnamo 1927, baada ya kushtakiwa mahakamani, Ford aliomba radhi na kulifunga gazeti hilo. Licha ya hayo, mwaka 1938 alipokea nishani kutoka kwa serikali ya Hitler.

Nyumbani, ukaidi wake ulianza kumgharimu. Kampuni ya General Motors ilikuwa ikiuza magari yenye starehe zaidi na rangi mbalimbali, ilhali Model T lilikuwa limebaki jeusi tangu 1914 hadi 1925. Mwanawe wa pekee, Edsel, aliyekuwa rais wa kampuni kwa jina, alimsihi atafute muundo mpya. Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mwanawe.

Ngoma ilipasuka Mei 1927. Gari la milioni 15 lilitoka kiwandani, kisha uundaji wa Model T ukasimamishwa. Kwa kuwa mrithi wake, Model A, hakuwa tayari hadi mwishoni mwa mwaka huo, maelfu ya wafanyakazi walikaa bila kazi kwa miezi kadhaa. Mwajiri aliyesifiwa kwa ujira wa dola tano alipinga pia vyama vya wafanyakazi, na walinzi wake wakawapiga viongozi wa vyama hivyo mnamo 1937. Hakukubali kutia saini mkataba nao hadi 1941.

Edsel alifariki 1943 akiwa na umri wa miaka 49. Babake, aliyekuwa akikaribia miaka 80 na afya ikizorota, alirejea usukani hadi 1945, alipomwachia mjukuu wake, Henry Ford wa Pili.

Rekodi ya Model T ilidumu hadi Februari 1972, ilipovunjwa na gari dogo la Volkswagen kutoka Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka 40, hakuna aina nyingine ya gari iliyokuwa imeundwa kwa wingi kama ile ambayo Ford mwenyewe hakutaka kuiacha.