Maisha ya Frank Conrad, Fundi wa Redio

Kila jioni watu hufungua redio wasikilize habari na nyimbo, wala hawaulizi desturi hiyo ilianzaje. Mmoja wa walioianzisha ni Bwana Frank Conrad wa Marekani, na inafaa sisi wanafunzi tuyajue maisha yake.

Alizaliwa mjini Pittsburgh tarehe 4 Mei, 1874. Aliacha shule mapema, na mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 16, aliandikwa kazi katika kampuni ya umeme ya Westinghouse. Huko alijifunza kwa mikono na macho yake mpaka akawa mhandisi mkubwa.

Simu ya upepo aliianza kwa mzaha. Alibishana na mwenzake juu ya saa yake, wakaweka dau la dola 5. Basi akajiundia chombo cha kunasa ishara za wakati za jeshi la majini. Tangu hapo hakuacha tena. Katika banda la motokaa nyumbani kwake Wilkinsburg aliweka mtambo wa kurushia sauti.

Vita vya kwanza vya dunia viliunyamazisha mtambo huo. Vilipokwisha, mwezi Oktoba 1919, Conrad alichoka kuzungumza tu, akaweka gramafoni mbele ya kipaza sauti. Barua zikamiminika, kila mtu akitaka wimbo wake. Sahani zake zilipokwisha, mwenye duka jirani alimwazima nyingine kwa sharti kwamba duka litajwe hewani.

Mwezi Septemba 1920 duka kubwa la Pittsburgh lilitangaza gazetini vyombo vya kusikilizia kuanzia dola 10. Bwana H. P. Davis, mmoja wa wakuu wa Westinghouse, alipoliona tangazo hilo alitambua kwamba mchezo wa bandani umekuwa haja ya watu wote. Kampuni ikajenga kibanda juu ya paa la kiwanda, na kituo kikaitwa KDKA.

Usiku wa tarehe 2 Novemba, 1920, kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa Rais. Ofisi ya gazeti ilipiga simu kila hesabu ilipofika, na mtangazaji akaisoma papo hapo. Hivyo wasikilizaji walijua kwamba Harding amemshinda Cox kabla gazeti halijafika mlangoni. Conrad hakuwako kwenye sherehe. Alikaa bandani kwake karibu na mtambo wake wa zamani, tayari kuendeleza matangazo kama ule mpya ungeharibika.

Baadaye alishughulikia mawimbi mafupi, na mwaka 1924 huko London alionyesha jinsi yanavyoleta sauti kutoka Pittsburgh. Alifariki Desemba 1941, akiwa amepata hataza zaidi ya 200.

Wanafunzi wenzangu, jina la mtangazaji husikika. La fundi halisikiki. Lakini fundi akilala, mtangazaji ni bubu.