Siti Alijua Alichonacho

Akina mama wenzetu, katika kutimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa, tunamkumbuka Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa mnamo 1880. Shule hakuiona, kusoma hakujua, na wenye wivu waliibeza sura yake. Lakini alipotembeza vyungu, sauti yake ilisikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki, na sauti ileile ikawa mtaji. Mwaka 1928 akaenda hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950.

Basi nasi wa Moshi, anayejua kupika mbege asikope afungue duka la vitenge eti kwa sababu jirani kafungua. Kabla ya kuomba mkopo tujiulize: mimi ninaweza nini?