Askofu James Hannington na Amani Yake Katika Taabu

Katika jubilei hii tunawakumbuka watu waliotutangulia katika imani, na haifai tumsahau Askofu James Hannington. Jina lake lajulikana sana Uganda, kwa kuwa damu yake ilimwagika katika njia ya kwenda huko. Lakini safari yake ya kwanza ya bara ilipita Mpwapwa, ambayo ndiyo wilaya yetu sisi wa Kibakwe. Tena alipowekwa kuwa askofu, vituo vya CMS vya Mpwapwa na Mamboya vilikuwa chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo yeye ni baba yetu pia.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika mji wa Hurstpierpoint, Uingereza. Tangu utoto hakuwa mtu wa utulivu. Alipenda mizaha na mambo ya hatari, hata akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto kwa kuchezea baruti. Alipokuwa akisoma Oxford, wenzake walimpenda kwa uchangamfu wake. Mwaka 1872 mama yake alikufa, naye akahuzunika mno.

Mwaka 1874 akapewa ushemasi, lakini moyoni mwake hakuwa na raha, kwa maana aliona kwamba anawafundisha watu habari za wokovu ambao yeye mwenyewe hajaupata. Rafiki yake mmoja akamwandikia barua ya kumweleza habari za Mwokozi. Barua ile aliiweka zaidi ya mwaka mmoja bila kuijibu. Hata mzigo ulipomlemea akamwita rafiki yule, akasoma, akaomba, na mwisho akaamini kwamba dhambi zake zimechukuliwa na Bwana Yesu. Hapo ndipo amani yake ilipoanza. Haikutoka katika tabia yake, maana kwa tabia alikuwa mwepesi wa kufanya haraka. Ilitoka kwa Yule aliyemtegemea.

Baadaye habari zilifika Uingereza kwamba wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, wameuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877. Habari hizo zilimchoma moyo. Mwaka 1882 akamwaga mkewe na watoto wao wadogo, akavuka bahari mpaka Unguja, kisha akashika njia ya bara pamoja na wenzake.

Njia ile wazee wetu waliijua vema. Ilipanda kutoka pwani mpaka Mpwapwa, ikaingia Marenga Makali, nyika isiyo na maji, ndipo ikafika Ugogo. Homa ilimshika mara kwa mara, kisha akapatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Walipofika Uyui, karibu na Tabora, alikuwa mahututi, na wenzake waliona kwamba hataishi. Hata hivyo alipopata nafuu kidogo alikataa kuachwa nyuma, akachukuliwa na wapagazi katika machela mpaka karibu na Ziwa. Huko ugonjwa ukamrudia kwa nguvu, na mwaka 1883 ikambidi arudi kwao, naye Uganda hajaiona.

Na tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu ameacha nyumba yake na watoto wake kwa ajili ya Mungu, ameteseka njiani miezi mingi, kisha anarudishwa kabla ya kufika. Wengi wangenung'unika. Yeye alingoja, akafanya kazi ya parokia yake, mpaka waganga walipomruhusu kurudi Afrika. Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa kuwa Askofu wa Afrika ya Ikweta Mashariki, na Januari 1885 akafika Mombasa.

Katika mwezi wa Julai 1885 aliondoka Rabai kwenda Uganda kwa njia ya Umasai, akifikiri kwamba ni fupi na yenye afya kuliko njia yetu. Pamoja naye alikuwako William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe alimpa ushemasi. Hakujua kwamba Kabaka Mwanga, aliyetawala Buganda, aliwaogopa sana wageni watokao upande wa mashariki. Onyo la wamisionari waliokuwa Buganda halikumfikia. Alipofika Kavirondo akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Tarehe 21 Oktoba, baada ya kuuona mto Nile, alikamatwa katika nchi ya Busoga kwa mkono wa mkuu aliyeitwa Luba.

Siku nane alikaa kifungoni. Usiku walinzi walevi walipiga kelele, homa ilimdhoofisha, na fisi alilia karibu naye. Haya yote aliyaandika katika daftari yake ya kila siku, wala hakuficha udhaifu wake. Aliandika pia kwamba Zaburi ya 30 ilimtegemeza kwa nguvu kubwa. Neno hilo aliliandika tarehe 29 Oktoba, na siku hiyo hiyo aliuawa. Umri wake ulikuwa miaka 38. Wapagazi wake waliuawa pamoja naye, ila wanne tu waliookoka. Hao nao walikuwa na wake na watoto waliowangojea, na si haki kuwasahau.

Twajua kwamba Zaburi ile ni shukrani ya mtu aliyeponywa na mauti. Basi, je, Mungu alimdanganya mtumishi wake? Sisi twaamini la. Hannington hakupewa ahadi ya kutoka katika nyumba ile akiwa hai. Alipewa Bwana wa kukaa naye ndani yake. Lakini imani haikatazi machozi. Jones alipowarudisha watu waliosalia mpaka Rabai, Februari 1886, walitembea chini ya bendera iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Nao walikuwa waaminio. Tarehe 31 Desemba 1892 mifupa ya askofu ilizikwa kwa heshima Namirembe, katikati ya Kanisa lililokuwa likikua.

Ndugu zetu wa parokia, nanyi walimu, twajua mvua inapokawia mashambani, na mgonjwa asiyepata nafuu, na kazi njema inayokatika katikati. Tusiwafundishe watoto kwamba amwaminiye Mungu hapati shida. Tuwafundishe kumwambia Mungu shida zao zote bila kuficha, kama Hannington alivyoziandika, kisha wafungue Zaburi usiku ule ule, wasingoje kupambazuke.